Kabla ya kupakia lori: Simu inaweza kukuonyesha nini kuhusu viongezeo vya chakula

Tuseme mfanyabiashara wa Arusha amepata katoni 300 za juisi ya unga kwa bei nzuri. Anazipakia kwenye lori na kuelekea Namanga. Mpakani, ofisa wa viwango anasoma lebo, anatilia shaka rangi iliyotumika na kuzuia mzigo hadi sampuli ipimwe maabara. Lori linalala, dereva anadai posho, na mteja wa Nairobi ananunua kwingine. Faida yote inaishia kwenye maegesho.

Sehemu ya hatari hiyo sasa inaweza kuonekana mapema, kwenye duka la jumla, kwa kutumia simu ya mkononi. Zipo programu zinazosoma bakodi, yaani ile mistari myeusi iliyo kwenye kifungashio, na kuonyesha viongezeo vilivyomo kama vile rangi, vihifadhi na vitamu. Hata hivyo, kabla ya kuweka mtaji wake, mfanyabiashara anapaswa kuelewa mipaka ya programu hizo.

Zinavyofanya kazi

Bakodi ya kawaida haibebi habari yoyote kuhusu viambato vya chakula. Ni namba tu, mara nyingi ya tarakimu 13. Simu ikiisoma, programu huitafuta namba hiyo katika kanzidata kupitia intaneti na kuleta maelezo ambayo mtu aliyaingiza siku za nyuma.

Open Food Facts, iliyoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 2012, ni kanzidata ya bure inayojazwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea wanaopiga picha za lebo. Yuka, ambayo pia ni ya Ufaransa, ilianza mwaka 2017 na hukipa chakula alama kati ya 100. Asilimia 60 ya alama hizo hutokana na lishe, 30 viongezeo na 10 kilimo hai. Kwa hiyo bidhaa inaweza kupata alama mbaya kwa sababu ya sukari nyingi tu, wala si kwa sababu ya rangi au kihifadhi.

Tarakimu za mwanzo nazo huwapotosha wengi. Namba inayoanza na 616 imesajiliwa Kenya na 620 Tanzania, lakini hilo halithibitishi kwamba chakula kilitengenezwa huko.

Alama nyekundu si marufuku

Programu hutoa maoni kuhusu afya ya mlaji, wakati ofisa wa mpakani anasimamia sheria. Mambo hayo mawili hayalingani kila mara. Mfano ni rangi ya njano ya tartrazini, E102. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi hiyo viwe na onyo kuhusu watoto, lakini haujaipiga marufuku. Kitamu cha saiklameti, E952, kinaruhusiwa Ulaya, ilhali Marekani ilikipiga marufuku mwaka 1969. Nayo rangi nyeupe ya E171 ilipigwa marufuku katika vyakula vya Ulaya mwaka 2022.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama kiongezeo hicho kinaruhusiwa katika chakula cha aina hiyo, kwa kiasi hicho, katika nchi unayopeleka mzigo. Jibu lipo katika viwango vya nchi hiyo na vya Afrika Mashariki, na si katika rangi ya alama kwenye simu. Kumbuka pia kuwa lebo inaweza kuandika E102, INS 102 au jina tartrazini. Vyote ni kitu kimoja.

Kile ambacho simu haioni

Programu haipimi chakula. Mtu akiiga kifungashio pamoja na bakodi yake, simu itasoma vizuri kabisa na kuleta maelezo ya bidhaa halisi. Vilevile, anayechakachua chakula haandiki kwenye lebo. Mwaka 2005, Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 baada ya rangi ya Sudan 1, isiyoruhusiwa katika chakula, kugunduliwa kwenye pilipili ya unga. Iligunduliwa kwa vipimo vya maabara.

Sumukuvu nayo si kiongezeo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Hakuna bakodi ambayo ingemwokoa mwenye lori siku ile.

Ufanye nini kabla ya kulipa

1. Skani bakodi, kisha linganisha maelezo ya simu na lebo iliyo mkononi. Kiwanda kinaweza kubadilisha viambato bila kubadilisha namba. Yakitofautiana, fuata lebo na umuulize muuzaji.

2. Piga picha ya orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

3. Mtumie wakala wako wa forodha picha hizo, au uliza shirika la viwango la nchi unayopeleka mzigo, kama vile TBS, KEBS au UNBS.

4. Dai cheti cha ubora na, kwa mzigo mkubwa, matokeo ya maabara yanayotaja toleo lile lile unalonunua.

5. Mfanyabiashara mdogo anayetumia cheti rahisi cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000 akumbuke kuwa cheti hicho kinahusu ushuru. Hakimwondolei masharti ya viwango.

Msafirishaji naye asikae pembeni. Picha za lebo na nakala za vyeti zikiwa kwenye simu ya dereva, maswali ya mpakani hujibiwa haraka zaidi. Skani moja huchukua sekunde chache na inaweza kukuzuia kununua mzigo mbaya. Lakini mzigo mzuri huvuka kwa karatasi na vipimo, kwa hiyo usilipe kabla ya kuvipata.