Zamu inaisha, msongo unapanda matatu nawe

Asubuhi askari wa kaunti anawaondoa wachuuzi kando ya barabara Muthurwa. Jioni anashuka Kayole au Umoja na kununua sukuma kwa mchuuzi mwingine, ambaye pengine amewahi kumwona akiwa na sare. Ni jirani, mteja na "kanjo" kwa wakati mmoja. Polisi wa Buruburu na Dandora nao wanaijua hali hiyo.

Kinachotokea mwilini si udhaifu. Mtu akirushiwa mawe au akifika penye maiti, mwili humwaga homoni za dharura: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, akili inaona hatari tu. Kwa dakika chache hilo linamsaidia. Shida huja zamu zikifuatana na mwili ukakosa nafasi ya kutulia. Ndipo usingizi unapokatika saa tisa usiku, na mtoto aliyeangusha sahani anafokewa kama mshukiwa. Wengine hutafuta usingizi kwenye chupa. Pombe kweli humlaza mtu haraka, lakini huvuruga usingizi wa alfajiri, na kesho yake hasira iko karibu zaidi.

Makabiliano yakianza, shika pumzi kwanza. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi sita, mara tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo. Ni chini ya dakika moja, na inatosha kumwachia mwenzako aliyetulia azungumze badala yako.

Baada ya tukio baya, anayetaka kusimulia asikilizwe, asiyetaka asilazimishwe. Kwa wasimamizi: ukiuliza "uko sawa?" utajibiwa "niko fiti, mkubwa". Uliza amelala saa ngapi.

Wengi hunyamaza wakihofia kunyang'anywa silaha au kukosa cheo. Hofu hiyo ina msingi, na ni viongozi wa vikosi wanaoweza kuiondoa. Bunduki kukaa kwenye ghala la silaha kwa wiki chache, huku mwenyewe akitibiwa, isihesabiwe kuwa adhabu. Sheria nayo ilitisha: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

Dalili zikizidi wiki mbili, mwone mhudumu wa afya. Wazo la kujidhuru au kumdhuru mwingine lisisubiri hata siku moja: mkabidhi mwenzako silaha, kisha nenda hospitali iliyo karibu, au ile ya Mathari, Barabara ya Thika. Laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hailipishwi. Mke, mume au ndugu anaweza kupiga pia. Mara nyingi wao ndio huona mabadiliko kabla ya askari mwenyewe.