Umri wa Dawa na Sauti ya Tangazo

Dawa ya cheti ni dawa ambayo mfamasia haruhusiwi kuiuza mpaka aone maandishi ya daktari, kwa kuwa sheria imekwisha kuona kwamba faida na madhara yake vinahitaji kupimwa na mtu mwenye ujuzi kabla mgonjwa hajaimeza. Kwa sababu hiyohiyo nchi nyingi huruhusu dawa za namna hiyo zitangazwe kwa wataalamu wa afya tu, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwelekeo huohuo katika vigezo vyake vya maadili vya mwaka 1988. Marekani na New Zealand ndizo nchi zinazojulikana kwa kuziruhusu wazi kampuni za dawa zizungumze na mwananchi moja kwa moja, sebuleni kwake, kupitia televisheni. Tangazo la aina hii lina umbo lake la pekee, maana anayeambiwa hawezi kununua bila idhini, anayetoa idhini si yeye aliyeambiwa, na anayelipa mara nyingi ni bima. Ndiyo maana matangazo hayo humalizikia kwa kumtaka mtazamaji amwulize daktari wake kuhusu dawa iliyotajwa kwa jina. Kazi ya tangazo ni kulitia swali kinywani mwa mgonjwa, ili likafanye kazi yake katika chumba cha daktari.

Ruhusa hiyo haikuja kwa siku moja. Mwaka 1962 Bunge la Marekani liliukabidhi usimamizi wa matangazo ya dawa za cheti kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ijulikanayo kwa kifupi FDA, na kanuni zilizofuata mwishoni mwa muongo huo zikataka kila tangazo liwe na mizani, yaani liyape madhara uzito unaolingana na ule linaozipa faida, na liambatane na muhtasari wa tahadhari za dawa. Muhtasari huo ulienea katika ukurasa wa gazeti, lakini haukuweza kusomwa wote katika sekunde 60 za televisheni, na kikwazo hicho cha muda kiliyazuia matangazo ya televisheni kwa miaka mingi bila katazo lolote la wazi. Agosti 1997 FDA ilitoa mwongozo ulioiruhusu kampuni kutaja madhara makubwa tu, kisha kumwelekeza mtazamaji kwenye namba ya simu isiyolipiwa, tovuti, tangazo la gazetini au kwa daktari. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la JAMA, gharama za kuzitangaza dawa za cheti kwa umma nchini Marekani zilipanda kutoka dola bilioni 1.3 mwaka 1997 hadi dola bilioni 6 mwaka 2016.

Fedha hizo hazigawanywi sawasawa kwa dawa zote, bali huifuata hataza, ambayo ni haki ya kisheria inayompa mwenye dawa nafasi ya kuiuza peke yake kwa muda maalumu. Hataza ikiisha, viwanda vingine hutengeneza dawa yenye kiambata kilekile kwa bei ndogo, na hapo hapana tena faida ya kulipia tangazo, kwa hiyo kampuni huwahi kutangaza dawa ingali changa. Lakini dawa changa ndiyo isiyofahamika vizuri, kwa sababu hupewa kibali baada ya kujaribiwa kwa watu mamia kadhaa au maelfu machache, mara nyingi kwa miezi tu, na dhara linalompata mmoja katika maelfu, au linalojitokeza baada ya mwaka na nusu wa matumizi, halina njia ya kuonekana katika majaribio hayo. Sauti ya tangazo basi huwa kubwa zaidi pale ambapo ujuzi ni mchache zaidi. Hii ndiyo dosari kubwa ya mfumo huu, nayo hubaki palepale hata kila neno la tangazo likiwa la kweli.

Nguvu ya swali la mgonjwa imewahi kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida hilohilo la JAMA, waigizaji wanawake 18 walifunzwa kujifanya wagonjwa, wakawatembelea madaktari 152 katika miji ya Sacramento, San Francisco na Rochester kwa jumla ya ziara 298. Madaktari walikuwa wamekubali kabla kwamba watatembelewa na wagonjwa wa kuigiza, ila hawakujua ni nani wala lini. Katika baadhi ya ziara mwigizaji alieleza dalili za sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa inayohitaji matibabu, na katika nyingine alieleza hali nyepesi ya kuelemewa na mabadiliko ya maisha, ambayo kwa kawaida haihitaji vidonge. Wenye hali hiyo nyepesi wasioomba dawa waliandikiwa dawa ya sonona kwa asilimia 10 tu, lakini walioitaja dawa ya Paxil kwa jina, wakisema wameiona kwenye televisheni, waliandikiwa dawa kwa asilimia 55. Haki inadai ielezwe pia kwamba wenye dalili za sonona halisi wasioomba chochote walipewa dawa kwa asilimia 31 tu, na walioomba msaada wa dawa bila kutaja jina walipewa kwa asilimia 76, jambo linaloonyesha kwamba mgonjwa anayeuliza humwamsha daktari aliyekuwa karibu kumpita. Faida hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, ila ilitokana na mgonjwa kueleza haja yake, na haikuhitaji jina la kibiashara hata kidogo.

Daktari naye hafikiwi kupitia kwa mgonjwa peke yake. Makadirio yaliyotajwa hapo juu yanaonyesha kwamba mwaka 2016 kampuni zilitumia zaidi ya dola bilioni 20 kuwavuta wataalamu wa afya, sehemu kubwa ikiwa ni sampuli za bure, ambazo humwanzishia mgonjwa dawa ya bei ghali kwa wema wa daktari na kumwacha akiendelea nayo sampuli zikiisha. Sheria ya mwaka 2010 ilizilazimisha kampuni kuweka wazi malipo zinayowapa madaktari, na takwimu hizo zilipochambuliwa mwaka 2016, zikihusisha madaktari zaidi ya 279,000, ilionekana kwamba aliyepokea hata mlo mmoja, wenye thamani ya wastani isiyofika dola 20, alielekea zaidi kuandika dawa ya kampuni iliyomlisha kuliko dawa nyingine za kundi lilelile. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilichosababisha, na watafiti wenyewe walilisema hilo. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba kampuni zingeendelea kuwalisha madaktari mwaka hadi mwaka kwa ukarimu mtupu.

Kweli yenyewe inaweza kuchaguliwa namna ya kusemwa. Tangazo mashuhuri la Lipitor, dawa ya kupunguza lehemu mwilini, lilisema kwa herufi kubwa kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 36, na kwa herufi ndogo likaeleza kwamba katika utafiti mkubwa asilimia 3 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata mshtuko, dhidi ya asilimia 2 ya waliomeza Lipitor. Asilimia 36 ni upungufu linganifu, yaani tofauti iliyopimwa kwa kulinganisha hatari moja na nyingine. Upungufu halisi ni mtu mmoja katika kila 100 waliotumia dawa kwa miaka kadhaa. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila mgonjwa anayesikia ya kwanza pekee hujiona yeye mwenyewe anaokolewa, na anayesikia ya pili huweza kuuliza kama yumo katika hao 99 wengine.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa sauti kubwa juu ya ujuzi mchache ni wa dawa ya Vioxx, iliyopewa kibali na FDA Mei 1999 kwa ajili ya maumivu ya viungo. Dawa za zamani kama ibuprofeni huzuia vimeng'enya viwili, kimoja kinacholeta maumivu na uvimbe na kingine kinacholinda ukuta wa tumbo, ndiyo maana huweza kusababisha vidonda vya tumbo. Vioxx ilibuniwa izuie kile cha kwanza tu. Haikuwa na nguvu zaidi ya kutuliza maumivu kuliko zile za zamani, na waliokuwa na haja nayo hasa ni wenye hatari ya kutokwa damu tumboni. Lakini televisheni haina namna ya kuwachagua watazamaji wake, na mwaka 2000 kampuni ya Merck ilitumia takribani dola milioni 160 kuitangaza kwa umma, zaidi ya zilizotumika mwaka huo kutangaza soda ya Pepsi. Aliyeonekana katika matangazo hayo alikuwa Dorothy Hamill, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1976 wa kuteleza kwenye barafu, mtu aliyependwa na kizazi ambacho sasa magoti yalikuwa yameanza kukiuma.

Novemba mwaka huohuo ulichapishwa utafiti ulioitwa VIGOR, uliohusisha wagonjwa 8,076 wa baridi yabisi. Vidonda vya tumbo vilipungua kama ilivyotarajiwa, lakini mshtuko wa moyo uliwapata asilimia 0.4 ya watumiaji wa Vioxx dhidi ya asilimia 0.1 ya waliotumia dawa ya zamani ya naproksini. Kampuni ilieleza kwamba naproksini ndiyo iliyoulinda moyo, na Septemba 2001 FDA iliiandikia barua ya onyo kwa kuionyesha hatari hiyo kuwa ndogo katika utangazaji wake. Maelezo ya tahadhari yenyewe hayakubadilishwa hadi Aprili 2002. Tarehe 30 Septemba 2004 utafiti mwingine ulipothibitisha kwamba hatari huongezeka baada ya miezi 18 ya matumizi, Merck iliiondoa dawa sokoni duniani kote, ikiwa imekwisha kuuzwa katika nchi zaidi ya 80, nyingi zikiwa ni nchi ambazo tangazo la Hamill lisingeruhusiwa kuonyeshwa. Makadirio ya watafiti akiwemo David Graham wa FDA, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalikuwa kwamba Wamarekani kati ya 88,000 na 140,000 zaidi walipata maradhi makubwa ya moyo kwa sababu ya dawa hiyo.

Mwaka 2006 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipendekeza kwamba dawa mpya iwekewe alama maalumu katika maelezo yake, na kwamba matangazo yake kwa umma yawekewe mipaka kwa miaka miwili ya mwanzo baada ya kibali. Sheria iliyopitishwa mwaka uliofuata haikuweka zuio hilo, na hoja iliyolikwamisha ilikuwa kwamba katiba inalinda hata usemi wa kibiashara. Zuio la miaka miwili, lau lingalikuwepo mwaka 1999, lingaliiweka Vioxx nje ya televisheni hadi Mei 2001, miezi sita baada ya VIGOR kuchapishwa.