Dhamana ya Mkono wa Fundi

Kwa miaka miwili mfululizo, kila ulipoingia mwezi wa Januari na jua la Homa Bay likawa limekwisha kuyageuza mabati ya nyumba yangu kuwa kikaango, nilimwita fundi aje kutia gesi katika kiyoyozi cha chumba cha kulala. Naye alikuja na mtungi wake begani, akatia, akapokea ujira wake, akaenda zake. Mara ya pili nilimwuliza, "Fundi, hii gesi huwa inakwenda wapi?" Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuaminiwa, "Imeisha, mzee." Ilinichukua muda kutambua kwamba jibu lile lilikuwa ikrari ya kosa, maana gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa katika kandili: huzunguka ndani ya mabomba ya shaba mwaka nenda mwaka rudi, ikichukua joto chumbani na kulitupa nje, na ikipungua, basi pana tundu mahali, na aghalabu tundu hilo lipo pale pale fundi alipokaza nati siku ya kwanza.

Kiyoyozi kile hatimaye kilikufa, kompresa yake ikiwa imehangaika kwa miezi bila gesi ya kutosha, nami nikalazimika kutafuta kingine. (Msomaji mwenye nyumba isiyo na dari, na aanze na dari kabla ya kiyoyozi; mbao nyembamba chini ya mabati na dirisha linaloelekea upepo wa ziwa wa alasiri huenda vikamwondolea haja ya kusoma makala haya hadi mwisho.) Nikaomba makadirio ya bei, au kwotesheni kama tunavyosema madukani, kwa watu watatu, juu ya chombo cha namna moja: cha BTU 12,000, ambacho mafundi hukiita cha tani moja kwa kuwa zamani nguvu ya baridi ilipimwa kwa uzito wa barafu iyeyukayo kwa siku moja.

Karatasi ya kwanza ilitoka Migori mjini, shilingi 74,000, na maelezo yake yalikuwa maneno matatu tu: "Kiyoyozi na kufunga." Ya pili ilitoka Kisumu, 118,000, ikiwa na nembo, muhuri na kodi ya asilimia 16 iliyotajwa kwenye mstari wake. Ya tatu, 93,000, iliandikwa kwa mkono na kijana wa hapa hapa Homa Bay, kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la mtoto wa shule, lakini ndani yake kila kitu kilihesabiwa: mita 5 za bomba la shaba, sponji ya kulifunika, vyuma vya kubebea chombo cha nje, waya, swichi yake peke yake, bomba la maji, kifaa cha kuukinga umeme unaporuka, na leba.

Nilipoziweka mezani pamoja, niligundua kwamba karatasi ile ya Migori haikuwa na bei nafuu, bali ilikuwa na mambo mengi iliyoyanyamazia. Nilipompigia mwenyewe nikamwuliza kuhusu mabomba, akasema atatumia yale yale ya zamani yaliyomo ukutani. Sasa, kiyoyozi changu cha kale kilikuwa cha gesi ya R22, ambayo kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 ni miongoni mwa zile zinazoharibu tabaka la ozoni, na nchi zetu zimepewa hadi mwaka 2030 kuachana nayo. Vyombo vipya hutumia R410A au R32, ambazo hukaa katika bomba kwa shinikizo la mara moja na nusu na zaidi, wala hazipatani na mafuta yaliyobaki ndani ya bomba lililozoea R22. Kuyaacha mabomba yale bila kuyasafisha wala kuyapima ni kununua ugonjwa mpya kwa bei ya punguzo. Nikamwuliza pia kama ana pampu ya kuvuta hewa, maana kabla ya gesi kufunguliwa sharti hewa yote na unyevu wake vinyonywe kutoka ndani kwa nusu saa au zaidi. Akacheka, akasema gesi yenyewe huisukuma hewa ikatoka. Hapo nikamshukuru, nikakata simu.

Zilibaki mbili, na hapo ndipo suala la dhamana lilipoanza kuwa zito. Dhamana ya kiwandani hukikinga chombo, haimkingi mwenye nyumba na mkono uliokifunga. Kompresa yaweza kuandikiwa miaka 5 au hata 10, ikakupa usingizi mwema. Walakini ikifa mwaka wa tatu, kiwanda kitatoa kompresa tu, na kuing'oa ya zamani, kuchomelea mpya, kuvuta hewa, kutia gesi upya na nauli ya mtu wa kuyafanya hayo, vyote vitatoka mfukoni mwako. Hata Marekani, ambako biashara hii ni kongwe, chombo kinachopewa dhamana ya vipuri ya miaka 10 mara nyingi hufuatana na dhamana ya kazi ya mwaka 1 tu, kwa kuwa kila mtu ajua kosa liko wapi zaidi.

Karatasi ya Kisumu ilitoa mwaka mmoja wa dhamana ya kazi, ila kwa maandishi madogo mwishoni ilisema kwamba safari ya fundi italipwa na mteja. Basi hesabu mwenyewe safari ya Kisumu hadi Homa Bay kwa njia ya Katito na Kendu Bay, kwenda na kurudi, mara mbili au tatu, uone dhamana hiyo imebaki na nini. Mjenzi wa mashua hapa ufukoni haandiki dhamana yoyote, lakini kalafati yake ikivuja, mwenye mashua hana haja ya nauli kumfikia. Humkuta asubuhi chini ya mti ule ule, na mbele ya watu. Ukaribu wa namna hiyo una thamani, nami niliuhesabu kuwa sehemu ya bei.

Lakini ukaribu bila maandishi huishia katika ugomvi wa majirani. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 husema kwamba kazi na bidhaa huhesabiwa kuwa zimedhaminiwa ubora wa kuridhisha hata pasipo tamko, kwamba fundi aliyetoa makadirio haruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 10 juu yake, na kwamba neno lenye utata katika mkataba litafasiriwa kwa manufaa ya mnunuzi. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza mashauri yasiyozidi shilingi 1,000,000. Ila haki hizo zote zataka karatasi. Kwa hiyo nilimrudishia kijana ukurasa wake, nikamwomba aongeze tarehe, aina ya gesi, namba ya chombo, na miezi 12 ya kurudi bila malipo endapo gesi itavuja. Akaandika, akatia sahihi, nami nikampa arbuni ya nusu kwa M-Pesa, ili simu yenyewe ibaki shahidi, baki nikaliweka hadi pampu yake ilipokwisha kunguruma.

Mwezi wa nne, mvua za masika zikipiga kila alasiri, baridi ikaanza kulegea. Alikuja na kikombe cha maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi, akazipaka nati moja baada ya nyingine, tukachutama wote wawili tukitazama, hata katika ile ya tatu kipovu kimoja kikafura polepole, kikapasuka, kikafura tena. Akaikata ncha ya bomba, akaitengeneza upya, akakaza, akavuta hewa, akatia gesi kwa mizani, akachukua baiskeli yake. Nami nilipoingiza mkono mfukoni, alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole ile karatasi ya daftari niliyokuwa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.