Goma: Banda lijengwe kwanza, kuku wanunuliwe baadaye

Kwa familia nyingi za Goma, kuku ni akiba ya nyumbani. Mtoto akifukuzwa shuleni sababu ya pesa ya masomo, ao mgonjwa akihitaji dawa, kuku mmoja ao wawili wanapelekwa sokoni. Lakini akiba hiyo inaweza kupotea kwa usiku mmoja: panya wanamaliza vifaranga, mwizi anabeba majogoo, ao ugonjwa unafagia wote. Mara nyingi shida inaanzia fasi moja: kuku walinunuliwa mbele ya kutengenezewa pa kulala.

Parsele ndiyo inaamua idadi

Ndani ya banda, kuku watatu ao wanne wanatosha kwa kila meta mraba moja. Inje, kwenye uwanja uliozungushiwa wavu, kila kuku apate walau meta mraba moja. Basi familia inayotaka kuku 10 itengeneze banda la meta 2 kwa 1.5 na uwanja wa meta 5 kwa 2. Jumla ni meta mraba 13. Kama parsele haina nafasi hiyo, heri kuanza na kuku 5. Kuku wakibanana wanadonoana, mayai yanapunguka, na harufu inaleta maneno na majirani.

Kujenga juu ya mawe

Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba shimo la nguzo humo si kazi ndogo. Njia rahisi ni kulaza miti mizito chini kama fremu, kupigilia nguzo juu yake, kisha kuikandamiza kwa mawe. Mawe hayo yanapitisha maji ya mvua upesi, lakini katikati yake ndimo panya wanajificha. Kwa hiyo sakafu ya mbao iinuliwe nusu meta toka chini, na kila mguu uvikwe kipande cha bati ili panya wateleze.

Wavu wa kawaida unazuia kuku kutoka, hauzuii panya kuingia. Kwenye madirisha ya banda inafaa wavu wenye matundu yasiyopita milimeta 13. Uwanja nao ufunikwe juu, sababu mwewe hapigi hodi.

Kwenye miteremko ya Bukavu shida ni tope. Huko mfereji uchimbwe upande wa juu wa banda, maji yapite pembeni.

Hewa ndani, baridi inje

Watu wengi wanafunga banda lote wakiogopa baridi ya usiku. Hapo mvuke wa mavi unabaki ndani na kuumiza macho na mapafu ya kuku. Matundu ya hewa yawekwe juu, karibu na paa, ili upepo usiwapige kuku wanapolala. Paa litokeze vizuri kuta zisilowe.

Fito za kulalia ziwe na sentimeta 20 kwa kila kuku. Kuku 10 wanahitaji meta 2. Masanduku mawili ao matatu ya kutagia, ya sentimeta 30 kila upande, yanawatosha. Yawekwe chini kuliko fito, la sivyo kuku watalala humo na kuchafua mayai. Sakafuni maranda ya mbao yamwagwe, na yakilowa yaondolewe. Yakiozeshwa vizuri pamoja na mavi, yanakuwa mbolea ya lenga-lenga na sombe.

Ugonjwa usiingie na mgeni

Banda zuri peke yake halizuii kideri, ugonjwa unaoitwa pia Newcastle. Hauna dawa, kinga ni chanjo, nayo inarudiwa kufuatana na maelezo ya veterineri. Kuku mpya toka sokoni atengwe siku 14 mbele ya kuchanganywa na wengine, kwa hiyo inafaa kutengeneza pia kitundu kidogo, mbali na banda. Aliyekufa azikwe ao achomwe, asiuzwe wala kutupwa barabarani, sababu ugonjwa utaingia kwa jirani.

Hakuna lazima ya kununua kila kitu kipya. Mbao za zamani na mabati yaliyotumika yanafaa, mradi hayavuji. Pesa kidogo iliyopo iende kwanza kwenye wavu wa panya na kufuli ya mlango. Vikiisha kufungwa, ndipo safari ya kununua kuku ianze.