Waya wa Runyenjes na kikokotoo cha grafu

Mtoto wa Lamu au Mombasa akiitwa shule ya bweni Runyenjes, kule Embu kwenye mashamba ya kahawa, mzazi hununua blanketi zito na kikokotoo. Blanketi halina neno. Ila muuzaji akikuonyesha kikokotoo chenye kioo kikubwa cha kuchorea grafu, mfano TI-84 Plus, tahadhari: KCSE huruhusu kikokotoo kisicho na sauti na kisichoweza kuandikiwa programu. Hiki huandikiwa, basi hakiingii chumba cha mtihani. Kazi yake ni nyingine, wala si ndogo.

Ndani yake mna programu tayari, zinazofunguliwa kwa kitufe cha APPS. Mojawapo, Transfrm, hukuwezesha kubadilisha namba moja kwa mshale huku ukiitazama grafu ikisogea.

Tuseme mkulima wa Runyenjes ana waya wa mita 40 wa kuzungushia kuku pande tatu. Upande wa nne ni ukuta wa ghala. Wengi watasema agawe sawasawa, mita 13.3 kila upande, apate karibu mita za mraba 178. Lakini kila upande unaotoka ukutani ukiuita X, eneo ni X(40−2X), na grafu yake hupanda na kushuka kama kawa juu ya sinia. Kilele kipo X ikiwa 10: mita za mraba 200.

Sasa andika Y=X(A−2X), A iwe 40. Kwanza panga kioo, X kutoka 0 hadi 40 na Y kutoka 0 hadi 900, la sivyo kilele hakitaonekana na mtoto atadhani mashine ni mbovu. Ipandishe A hadi 80. Waya umeongezeka mara mbili tu, ila kilele kimeruka kutoka 200 hadi 800! Mara nne. Kwa nini? Mashine haijibu hilo. Hapo huja kalamu: kilele kipo X ikiwa A/4, na eneo ni A²/8.

Huna haja ya kutumia maelfu ya shilingi. GeoGebra, iliyoanzishwa Austria na Markus Hohenwarter mwaka 2001, hupatikana bure kwa simu na hufanya kazi hiyo hiyo. Shule nyingi za bweni hazitaki simu, kwa hiyo ngoja likizo. Mwambie mtoto achore kwanza kwa mkono, X ikiwa 0, 5, 10, 15 na 20, ndipo aifungue simu.