Andika kabla ya kulipa: funzo kutoka wizi wa sarafu za kidijitali

Siku hizi wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa husikia habari za sarafu za kidijitali. Huambiwa kwamba huko hakuna mweka hazina wa kuiba, kwa kuwa kazi yote hufanywa na kompyuta. Katika makala hii tunaeleza tukio la mwaka 2016 linaloonyesha kwamba fedha huweza kuibwa hata pasipo mweka hazina.

Mkataba wa kompyuta

Sarafu ya kidijitali haina noti wala benki kuu. Kumbukumbu za nani ana kiasi gani hutunzwa na kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa intaneti. Mtandao mmojawapo ni Ethereum, na sarafu yake huitwa etha. Humo watu huweza kuandika mkataba kwa njia ya programu. Programu hiyo hushika fedha na kuzitoa yenyewe masharti yanapotimia.

Mfuko wa The DAO

Mwezi wa Aprili 2016 ulianzishwa mfuko wa namna hiyo ulioitwa The DAO. Wanachama walichangia etha, nao wangepiga kura kuchagua miradi ya kuwekeza. Katika wiki nne zilikusanywa etha zenye thamani ya takriban dola za Marekani milioni 150. Aliyetaka kujitoa aliruhusiwa kuondoka na fungu lake.

Tarehe 17 Juni 2016 mtu asiyejitambulisha alianza kuzichota. Alihamisha etha milioni 3.6 hivi, karibu theluthi ya mfuko wote.

Alipitia wapi?

Hakuvunja kufuli wala kuiba neno la siri. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa hatua mbili: programu ililipa kwanza, ndipo ikapunguza hesabu ya mwanachama.

Tuchukue mfano wa mweka hazina anayemlipa mwanachama shilingi 50,000 kabla ya kuandika. Hajashika kalamu, mwanachama anasema tena, "Naomba akiba yangu." Mweka hazina anatazama daftari, anaona 50,000 bado zipo, analipa tena. Binadamu angeshtuka. Programu haishtuki, hufanya lile tu lililoandikwa. Mwizi alitengeneza programu yake ambayo kila ilipopokea malipo iliomba mengine papo hapo.

La kusikitisha ni kwamba udhaifu wa aina hii ulikuwa umetajwa hadharani siku chache kabla. Baadhi ya wahusika walijibu kwamba fedha za mfuko hazimo hatarini.

Watu walipaswa kuamua

Masharti ya programu yalizuia fedha hizo zisitumiwe kwa wiki kadhaa. Katika muda huo watumiaji wa Ethereum walibishana. Wengine walisema mkataba ni mkataba: kama programu iliruhusu, si wizi. Wengine walisema nia ya wachangiaji ilijulikana. Tarehe 20 Julai 2016 walio wengi walibadili kumbukumbu ili wachangiaji warudishiwe etha zao. Waliokataa waliendelea na kumbukumbu za awali, na mtandao wao huitwa Ethereum Classic. Hivyo mfumo uliosifiwa kwamba hauhitaji watu kuaminiana uliokolewa na watu walioshauriana.

Funzo kwa vikundi vyetu

- Andikeni daftarini na kutia sahihi mbele ya shahidi kabla fedha hazijatoka sandukuni.
- Anayeonyesha kasoro asikilizwe, na malipo yasimame hadi irekebishwe.
- Msiweke akiba ya kikundi katika mfumo ambao hakuna mwanachama anayeweza kuueleza kwa wenzake.

Mtume Paulo aliposimamia mchango wa makanisa hakutaka kuubeba peke yake. Alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili asiwepo wa kumlaumu (2 Wakorintho 8:16-21). Uangalizi si dharau kwa mwaminifu. Humlinda yeye na wenzake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni lipi hutangulia: kulipa au kuandika?
2. Mwanachama wa kawaida akiona kasoro, anaweza kusimamisha malipo?