Saa ya Mwili na Ujira wa Usiku

Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga mpangilio wa mwili wa usiku na mchana katika daraja la 2A, yaani miongoni mwa mambo ambayo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019, baada ya wataalamu kuupitia ushahidi upya, kazi ya usiku ikabakizwa katika daraja hilohilo. Mara zote mbili habari hiyo ilivifikia vyombo vya habari ikiwa imefupishwa mno, kana kwamba maabara imethibitisha kuwa kukesha kazini ni sumu. Kwa muuguzi anayeingia usiku, mlinzi wa ghala, mwokaji mikate anayewasha tanuri saa nane usiku, mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria anayevizia giza lisilo na mwezi, au kijana wa Nairobi anayejibu simu za wateja walioko Marekani, habari ya namna hii hugusa afya na riziki kwa pamoja, nayo humwachia shauri moja tu asiloweza kulifuata, nalo ni kuacha kazi.

Kosa la kwanza katika usomaji wa habari hizo linahusu maana ya daraja lenyewe. Madaraja ya shirika la Lyon hupima nguvu ya ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Katika daraja la 1, ambalo ni la mambo yaliyothibitishwa, zimo tumbaku na, tangu mwaka 2015, nyama iliyosindikwa kama soseji, ingawa hakuna mtaalamu anayedai kwamba soseji huua watu wengi kama sigara. Kinacholingana ni uhakika wa wanasayansi kwamba madhara yapo, wala si kiasi cha madhara hayo. Daraja la 2A nalo, pamoja na kazi ya usiku, limebeba nyama nyekundu na, tangu mwaka 2016, vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzijoto 65, jambo ambalo, kwa hakika, lilistahili kuzungumzwa zaidi katika Afrika Mashariki, ambako chai hunywewa ikifuka mvuke na saratani ya umio imeenea kuliko katika sehemu nyingi za dunia.

Kosa la pili linatokana na asilimia. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976 na kuendelea kwa miongo mingi, ulitoa taarifa mwaka 2001 kwamba wanawake waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 30 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya matiti uliozidi kwa asilimia 36 ule wa wenzao ambao hawakuwahi kufanya zamu hizo, ilhali kwa waliozifanya kwa muda mfupi kuliko huo ongezeko lilikuwa la asilimia 8 tu. Asilimia 36 inatisha ikisimama peke yake, lakini maana yake hutegemea idadi ya kuanzia: kama katika wanawake 1,000 wa umri fulani wangeugua 10 kwa kipindi fulani bila kukesha kazini, ongezeko hilo lingewafikisha 13 au 14. Watatu au wanne hao si wa kupuuzwa na yeyote, hasa na familia zao. Hata hivyo taarifa inayotaja asilimia bila kutaja idadi ya kuanzia inamnyima msomaji kipimo ambacho angekitumia kuamua.

Mwaka 2016 mambo yakageuka, kwani watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walikusanya takwimu za tafiti kumi zenye jumla ya wanawake wapatao milioni 1.4 wasione ongezeko lolote la saratani ya matiti, hata kwa waliokesha kazini miaka 20 na zaidi, na magazeti yaliyokuwa yametisha yakaanza kutuliza. Msomaji aliyechoshwa na mageuzi ya namna hii ana haki ya kuuliza ni lini wanasayansi watakubaliana. Jibu liko katika ugumu wa kuwalinganisha watu wenyewe. Wanaofanya kazi usiku hutofautiana na wa mchana kwa kipato, chakula, uzito, uvutaji wa sigara na hata idadi ya watoto waliozaa, na kila moja ya hayo lina uhusiano wake na saratani. Wale ambao miili yao haiwezi kustahimili usiku huhama mapema, hivyo wanaobaki kuhesabiwa ni wale wenye nguvu zaidi. Tena, wengi katika takwimu za Uingereza walikuwa wamekwisha kufikia umri wa kustaafu walipoulizwa habari za zamu zao, na kwa hiyo wakosoaji walisema kuwa kipindi ambacho hatari ingeonekana huenda kilikuwa kimepita. Hiyo ndiyo sababu uamuzi wa mwaka 2019 ulibaki palepale, bila kupanda wala kushuka.

Kama takwimu za saratani zinayumba, kwa nini basi wataalamu hawaiachi hoja hii? Hawaiachi kwa sababu chini yake kuna elimu imara ya viumbe. Mwaka 1729 mwanafalaki Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku ingawa jua halikuyafikia, jambo lililoashiria kuwa mmea una saa yake ya ndani. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, wakiwachunguza nzi wadogo wa matunda huko California, waliwapata wengine ambao siku yao ilikuwa ya saa 19, wengine ya saa 28, na wengine wasio na mpangilio wowote, na kasoro zote tatu zilitoka katika jeni moja. Jeni hiyo ilitengwa mwaka 1984 na makundi mawili ya watafiti, na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Walionyesha kuwa jeni hutengeneza protini ambayo hukusanyika ndani ya seli usiku mpaka inaizima jeni yenyewe, kama boya la tangi linavyofunga maji tangi likijaa. Kisha protini huvunjwavunjwa, jeni huwaka tena, na mzunguko mzima huchukua karibu saa 24.

Kwa binadamu saa kuu iko ndani ya ubongo, katika eneo liitwalo haipothalamasi, ambako kundi la seli za neva zipatazo 20,000 hupokea taarifa ya mwanga moja kwa moja kutoka machoni. Ikiachwa bila mwanga wa kuirekebisha, saa hiyo huzidi saa 24 kwa dakika chache, na kila asubuhi jua huirudisha mahali pake. Giza likiingia huiruhusu tezi ya pineali kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa ni usiku, na mwanga mkali wa taa za wodini au kiwandani huizuia homoni hiyo. Lakini saa haiko ubongoni tu. Ini, kongosho na utumbo vina saa zao, ambazo husikiliza zaidi nyakati za chakula kuliko mwanga. Mfanyakazi anayekula wali saa nane usiku anaiambia kongosho kuwa ni mchana ilhali ubongo unashikilia kuwa ni usiku, na katika mgongano huo insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, hufanya kazi kwa udhaifu. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021, ambamo watu 19 wenye afya waliwekwa katika mfano wa kazi ya usiku, lilionyesha kuwa sukari ya damu ilipanda kwa asilimia 6.4 kwa waliokula usiku, ilhali kwa waliokula mchana pekee haikupanda. Watu 19 ni wachache, na jaribio lilikuwa fupi. Hata hivyo linalingana na tafiti za miaka mingi zinazowakuta wafanyakazi wa zamu wakiwa na kisukari na maradhi ya moyo zaidi kuliko wengine, na linatoa ushauri usiogharimu kitu: mlo mkubwa uliwe kabla ya kuingia zamu au baada ya kutoka, na katikati ya usiku kitoshe kitu chepesi.

Hatari iliyo karibu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya haipati vichwa vikubwa vya habari, ni usingizi wenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima umakini wa watu waliokaa macho saa 17 wakaukuta umeshuka sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na baada ya saa 24 ulikaribia ule wa asilimia 0.1. Joto la mwili nalo hufikia kiwango chake cha chini kabisa yapata saa kumi alfajiri, na hapo ndipo makosa ya dozi, ya usukani na ya mashine huongezeka. Tanzania iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, mjadala ulihusu zaidi ujambazi, mwendo kasi na ubovu wa barabara. Saa ya mwili wa dereva ilitajwa kwa nadra.

Ushauri wa kawaida kwa wanaokesha unajulikana: kulala katika chumba chenye giza, kusinzia dakika 20 hivi katikati ya zamu, na kuacha kahawa katika saa za mwisho, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Ushauri huo ni sahihi, lakini unamchukulia mfanyakazi kama mtu mwenye chumba chake. Anayelala mchana chini ya bati linalowaka, watoto wakicheza mlangoni na jirani akiwa amefungulia redio, hawezi kuambiwa kwamba tatizo lake ni nidhamu ya usingizi. Sehemu kubwa ya nafuu iko katika ratiba, na ratiba hupangwa na mwajiri. Kwa kuwa saa ya mwili huzidi kidogo saa 24, ni rahisi zaidi kuichelewesha kuliko kuiwahisha, kwa hiyo zamu zinazosonga mbele kutoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku huvumilika kuliko zinazorudi nyuma. Usiku mmoja mpaka mitatu mfululizo huchosha kidogo kuliko saba. Na kumrudisha mtu kazini kabla ya saa 11 kupita tangu atoke ni kumnyima usingizi kwa makusudi.

Hapo sayansi inakutana na sheria. Denmark, mwaka uliofuata tamko la 2007, ilianza kulipa fidia kwa baadhi ya wanawake waliopata saratani ya matiti baada ya kufanya zamu za usiku kwa miongo kadhaa. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kupimwa afya bila malipo kabla ya kuanza kazi hiyo na kwa vipindi baada yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inakataza mjamzito kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na inaamuru nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Asilimia hiyo 5 ndiyo inayojulikana na kupiganiwa. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri, isipokuwa pale isipowezekana, kumhamishia zamu nyingine mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa afya yake haifai tena kwa kazi ya usiku, na muuguzi au mlinzi ambaye sukari yake imeanza kupanda anaweza kuanza kwa kuomba cheti hicho.